Serikalini, hotelini au kwa mikono yako: ulinganisho kwa kijana wa Pemba anayetafuta kazi itakayomfaa

Kijana wa Pemba akimaliza masomo, awe ametoka kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) ya Mchangamdogo au kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, swali atakaloulizwa barazani ni moja: "Ushapata kazi?" Muulizaji anakusudia kazi ya serikali. Ukimjibu kwamba unatengeneza sabuni, atakwambia si haba, huku unasubiri. Ukimjibu kwamba uko hotelini Unguja, patapita kimya kidogo, halafu lije swali la pili: hoteli gani, na unafanya nini huko?

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kijana huyo na wazazi wake. Njia ninazozilinganisha ni tatu zinazopatikana kweli: ajira ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kazi ya hoteli ambayo kwa Mpemba mara nyingi maana yake ni kuvuka kwenda Unguja, na kujiajiri hapa hapa kisiwani kwa mwani, karafuu au ufundi. Fedha nitaizungumza, lakini kipimo changu kikubwa ni kingine: siku yako ya kazi, tangu unapotoka asubuhi mpaka unaporudi, unaweza kumsimulia mama yako yote bila kuruka kitu? Kazi unayoisimulia nusu nusu inakufanya uwe watu wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini, na kuwalisha wote wawili kwa miaka kumi kunachosha kuliko jembe.

Fedha

Mshahara wa serikali kwa anayeanza si mkubwa, ila unaingia. Unaingia mwezi wa masika kama unavyoingia mwezi wa kaskazi, unaingia ukiwa mgonjwa, na benki inakuamini kwa sababu inajua makato yatatoka wapi. Michango yako ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar ulioanzishwa mwaka 1998, inakwenda bila wewe kuifuatilia. Upande wa pili wa utulivu huo ni kwamba unajua leo utakuwa unapata nini baada ya miaka mitano, na hakuna juhudi itakayobadilisha hesabu hiyo sana. Kisha kuna mkopo wa kujengea. Wengi wanaobaki kwenye meza wasiyoipenda wamebakishwa na makato, na makato hayo waliyasaini katika mwaka wa kwanza au wa pili, kabla hawajajua kama kazi yenyewe inawafaa. Kama utakwenda serikalini, nakusihi ukae kwanza bila mkopo mpaka ujue umefika au unapita.

Hotelini fedha ina mawimbi. Juu ya mshahara wa msingi kuna sevisi chaji na bakhshishi, na mwezi wa Agosti mhudumu wa hoteli nzuri anaweza kupata fungu ambalo karani mwenziwe hajaliona. Soko lenyewe limekua: wageni walioingia Zanzibar mwaka 2023 walikuwa 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Lakini Aprili na Mei mvua ikishuka hoteli nyingine hufunga, nyingine hubaki na wafanyakazi wachache, na wa mkataba wa msimu huambiwa tutakuiteni. Mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19, watu waliokuwa na vyeo na sare walirudi vijijini kwao bila kujua lini wataitwa. Kwa hiyo mshahara wa hoteli uhesabu kwa miezi kumi. Hiyo miwili iliyobaki uiwekee akiba tangu Julai, kwenye benki au kwenye mchezo wa watu unaowaamini, kabla hujanunua simu.

Wa tatu, anayejiajiri, lazima ajue namba za bidhaa yake. Mwani ulioufunga leo utauvuna baada ya siku kama 45, ukauanika, na kilo nyingi mbichi zikawa moja kavu. Kilo hiyo kavu ya aina ya kawaida, spinosum, huuzwa kwa mamia ya shilingi, ikipanda sana ni kama elfu moja. Kotonii, aina ya pili ya mwani, ina bei nzuri zaidi, ila haistahamili maji ya moto. Kwenye maji mafupi hufa, na kwenye maji marefu inataka chombo na mtu anayejua kuogelea. Karafuu iko upande mwingine kabisa. Kilo yake ni maelfu zaidi ya kumi, mnunuzi kwa mujibu wa sheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, na bei inatangazwa, kwa hiyo hujui tu mti utazaa kiasi gani. Mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kukupa kitu cha maana, na ukishazaa sana mwaka huu, mwaka ujao unaweza kupumzika. Anayesema "nitajiajiri kwa karafuu" aseme kwanza kama shamba amerithi, amekodi, au ndiyo kwanza anachimba mashimo.

Ukizitazama njia zote tatu kwa fedha tu, serikali inashinda kwa uhakika na hoteli inashinda kwa haraka. Kujiajiri miaka miwili ya mwanzo hakushindi chochote. Hilo liwe wazi, kwa sababu wako wanaowahubiria vijana kujiajiri huku wao wanapokea mshahara tarehe 25.

Saa zako ni za nani

Hapa serikali ina jambo ambalo vijana hawalithamini mpaka walikose. Alasiri umesharudi. Una muda wa shamba, wa kusomesha chuo cha Kurani baada ya Asri, wa mpira, wa mzee wako anayeumwa. Watu wengi Pemba waliofanya jambo kubwa nje ya ajira yao, aliyeanzisha skuli ya maandalizi, aliyepanda mikarafuu mia, walilifanya kwa saa hizo za jioni ambazo serikali iliwaachia.

Hoteli inachukua saa nzuri. Idi ikigongana na msimu unafanya kazi, na siku ya mapumziko inaweza kuangukia Jumanne. Kwa Mpemba kuna jambo zito zaidi. Mazishi yetu hayangoji. Mtu akifa Wete asubuhi, alasiri ameshazikwa, na aliyeko Nungwi au Paje hata apate ruhusa saa ile ile, boti haimsubiri. Atakayekwenda hoteli ajue kwamba ipo siku atapigiwa simu akiwa kwenye zamu, na maziko yatapita bila yeye. Wengine wanalibeba. Wengine limewarudisha nyumbani moja kwa moja, na sijamlaumu hata mmoja.

Anayejiajiri anadhani saa ni zake, kumbe ni za bahari na jua. Mwani unafanyiwa kazi bamvua, maji yanapokauka mbali. Maji mafu ukienda pwani unakwenda kutembea. Karafuu zikiiva hakuna kulala: mchana kuchuma, usiku kupambua, asubuhi kuanika, na wingu likitanda kila mtu mbio kukusanya. Lakini baina ya misimu hiyo hakuna anayekuuliza uko wapi, na kuna watu ambao hilo peke yake kwao ni mshahara.

Dini, nguo na jina la nyumbani

Hoteli nyingi za pwani zinauza pombe, na kijana wa Kiislamu analijua hilo kabla hajapanda boti. Wapo wanaomaliza suala kwa kuzikataa hoteli zote, na wapo wanaokubali lolote kisha wakanyamaza wanapopiga simu nyumbani. Njia zote mbili naziona ni za haraka mno. Hoteli ina idara nyingi: mapokezi, jiko, ufuaji, usafi wa vyumba, bustani, umeme na viyoyozi, hesabu, ununuzi, ulinzi, boti na upigaji mbizi. Mhudumu wa baa atamimina pombe kila siku. Mhudumu wa meza ataibeba hata kama hakuajiriwa baa. Fundi wa viyoyozi anaweza kumaliza mwaka bila kugusa chupa. Wapo ambao moyo hautulii hata kwenye idara ya hesabu, kwa kuwa mishahara yote inatoka kwenye mfuko mmoja. Mwenye moyo huo asishinikizwe na mtu. Amuulize shekhe anayemuamini, aswali istikhara, aamue, lakini aulize akiwa anaijua kazi yenyewe kwa undani, asiulize kwa uvumi wa boti.

Na ayaulize mambo haya kwenye usaili, kabla ya kusaini: nafasi ya kuswali kwenye zamu ipo? Ijumaa inakuwaje? Msichana anaruhusiwa mtandio na sare ya mikono mirefu? Ikiwa nimeajiriwa jikoni, naweza kuhamishiwa baa siku yenye upungufu? Vijana wanaogopa kuuliza wasije wakaonekana wasumbufu. Mimi nasema meneja anayejibu waziwazi, hata jibu likiwa hapana, amekuheshimu. Wa kumkimbia ni yule anayesema "hayo tutayaona baadaye".

Kwa msichana mzigo ni mkubwa zaidi. Kijiji humpa jina kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Hilo ni dhulma na linaniuma, maana huyo huyo anayesemwa ndiye anayelipia wadogo zake skuli. Njia niliyoiona ikisaidia ni kumchukua mzazi akaone. Mama akishakiona chumba wanacholala wafanyakazi wanawake, akamjua msimamizi kwa uso na kwa simu, akajua gari la wafanyakazi linarudi saa ngapi, hana tena haja ya kuuliza jirani. Hoteli inayokataa mzazi kuja hata getini imeshakupa jibu.

Ufukweni kuna jambo jingine. Kijana anayetembeza wageni kienyeji, anayeitwa papasi, hujipa jina jingine, umri mwingine, mara nyingine hata hadithi nyingine ya kwao. Kazi ni ile ile ya muongozaji mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii: kuwachukua wageni, kuwaeleza viungo na Mji Mkongwe, kuwarudisha. Tofauti ni kwamba mwenye leseni anafanya kwa jina alilopewa na baba yake, na siku mgeni akiibiwa yeye hakimbii. Kama unapenda watu na una ulimi wa kueleza, kipate hicho cheti na leseni, usianzie upapasini kwa kudhani ni ngazi. Wengi wanaoanzia pale wanabaki pale.

Serikalini swala na nguo hazina shida. Kinachofichwa huko ni uwezo wako. Umesomea maabara, umepangiwa masjala. Umesomea kompyuta, kazi yako ni kugonga muhuri na kupeleka faili chumba cha tatu. Mwaka wa kwanza unasema ni mpito, mwaka wa nne umeshasahau ulichokuwa unakijua, na nyumbani kila mtu anakupongeza. Huko ni kujificha ambako hakuna anayekuona, wala hakuna atakayekuuliza. Mtumishi wa umma pia amefungwa na maadili ya utumishi katika siasa na katika anayoyasema hadharani. Mwenye kalamu kali au ndoto ya uanaharakati ayasome kwanza.

Anayejiajiri anaweza kumsimulia mama yake siku nzima, lakini hataki, kwa sababu siku yenyewe haina sifa. "Kasoma mpaka digrii, sasa yuko pwani anafunga mwani na kina mama." Maneno hayo hawaambiwi vijana, wanaambiwa wazazi wao, ndiyo maana yanauma. Kisha kuna ukoo. Sabuni ya kwanza shangazi anaitaka bure, ya pili ami anachukua kwa mkopo, na wewe unasema alhamdulillahi, mambo mazuri, huku mtaji umeisha. Anayeanza biashara kijijini aweke sheria siku ya kwanza: za zawadi ni tano, zikiisha kila mtu ananunua, mama mzazi akiwa wa kwanza kulipa mbele ya watu. Mama akilipa, ami hana la kusema.

Sabuni ya mwani, kwa karibu

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu vijana wengi wakisikia "kujiajiri" wanaona kitu cha hotuba. Huu ni mfano wa kazi ambayo malighafi zake zote ziko Pemba.

Mwani mkavu unaoshwa chumvi na mchanga utoke, unaanikwa tena, unasagwa mpaka uwe unga laini. Mafuta ni ya nazi, na nazi haijawahi kuadimika kwetu. Kostiki soda inapimwa kwa mizani, haikisiwi kwa kijiko, na inamiminwa kwenye maji. Ukifanya kinyume, maji kwenye kostiki, itarukia usoni. Glavu na miwani si mapambo. Mchanganyiko ukishapoa unaingia kwenye mafuta, unakorogwa mpaka uwe mzito kama uji wa mtama, ndipo unatia unga wa mwani na matone ya mafuta ya harufu. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yapo Wawi, kwenye kiwanda cha ZSTC, pale pale Chake. Unamimina kwenye fremu ya mbao, unafunika, kesho yake unakata. Halafu ndipo penye mtihani wa kijana mwenye haraka: sabuni inakaa rafuni wiki nne hadi sita ikauke na kupoa ukali. Ukiiuza wiki ya pili itamwasha mteja, na hatorudi.

Hesabu yake ndiyo inayonifanya niipende. Mwani ule ule unaouzwa kwa mamia ya shilingi kwa kilo, ukisagwa, kilo moja inaingia kwenye vipande vingi sana, na kipande kimoja kwenye duka la wageni huuzwa kwa maelfu. Kina mama wa Paje, kule Unguja ambako pamoja na Jambiani kilimo hiki kilianza mwaka 1989, waliliona hilo zamani. Tatizo la Pemba halimo kwenye kutengeneza. Limo kwenye soko. Wageni wetu ni wachache, kwa hiyo ama uuze kwa wenyewe kwa bei ya wenyewe, ama upeleke Unguja, na duka la Unguja litakuuliza alama ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, vifungashio vinavyofanana, na uwezo wa kuleta mia mbili kila mwezi bila kukosa. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwenye mwezi wa tatu au wa nne, nguvu za mwanzo zikishapungua.

Kuna milango ya msaada na igongwe. SMIDA inashughulika na viwanda vidogo, BPRA inasajili jina la biashara, ZEEA inatoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi na watu binafsi, na anayekimbia riba ana PBZ Ikhlas pia, huduma ya kibenki ya Kiislamu. Lakini usianze na mkopo. Anza na fremu moja, uza vipande vya fremu hiyo, ujue nani amerudi kununua mara ya pili. Mkopo ukija baada ya hapo utakuta biashara.

Ujuzi utakaobaki nao

Kwa kasi ya kujifunza, hoteli haina mpinzani. Baada ya miaka miwili jikoni unajua usafi wa chakula, kupanga manunuzi, kupika kwa watu 150 bila kelele, na kuzungumza na mtu ambaye hujawahi kumuona. Kiwengwa vijana wanasema Kitaliano walichokipata kazini, hawakukikuta darasani. Anayetaka cheti kabla ya kwenda ana Taasisi ya Utalii ya SUZA pale Maruhubi, au vituo vya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe hapa hapa Pemba. Ujuzi wa hoteli una sifa moja zaidi, unahamishika. Mpishi aliyefunzwa Nungwi anaweza kurudi Chake akafungua mkahawa.

Serikali inakupa ruhusa ya masomo ukishathibitishwa kazini, na kwa mwalimu, daktari au muuguzi ndiyo njia yenyewe hasa. Huwezi kusema unautaka ualimu wa kweli ukakimbia skuli za serikali, maana watoto wako huko. Kwa fani hizo ulinganisho huu hauna kazi kubwa. Nenda. Kwa yule ambaye fani yake haina meza maalumu serikalini, hapo ndipo anapotakiwa kuangalia mara mbili.

Kujiajiri kunafunza polepole na kwa gharama yako, lakini kinachobaki ni jina lako kwa wateja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880 katika familia ya wafinyanzi, akawa anauza vyungu mjini kabla watu hawajamjua kwa sauti, na mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi taarabu. Ninamtaja kwa sababu ya vyungu. Wengi wanasimulia sauti tu, kana kwamba aliamka siku moja akawa mwimbaji. Kwanza aliishi kwa kazi ya nyumbani kwao, sauti ikaja kusimama baadaye.

Kusubiri nako ni kuchagua

Kuna njia ya nne ambayo hakuna anayeitaja kuwa ni njia: kukaa nyumbani kusubiri tangazo la Tume ya Utumishi Serikalini. Maombi yapo, ZanID ipo, vyeti vimetolewa kopi, siku zinakwenda. Sisemi usiombe. Omba kila tangazo linalokuhusu, na usisahau taasisi za Muungano, ambako Zanzibar imewekewa mgao wa asilimia 21 ya ajira. Ninachokisema ni kwamba maombi yanachukua siku mbili tatu za mwezi, na siku zilizobaki si za kusubiri. Nimewaona vijana wenye akili kunishinda wakinyauka barazani kwa miaka, kila mwaka ujuzi wao ukipungua bei, na hilo linaniuma kuliko kuona biashara iliyokufa. Aliyefunga biashara ya sabuni anajua kununua, kupima na kuuza. Aliyesubiri miaka minne anajua majina ya wapita njia.

Ipi kwa nani

Mwenye wazee wanaomtegemea dawa kila mwezi, au mtoto wa kwanza anayelea wadogo, serikali ikimpata aichukue, na jioni zake azitumie kwa kile anachokipenda. Hajisaliti kwa kufanya hivyo. Kulea wazee nako ni lengo la maisha, tena kubwa.

Asiye na mtaji wala shamba, mwenye afya, ulimi mwepesi na asiye na watoto bado, mimi nampeleka hotelini, kwenye idara anayoweza kuisimulia nyumbani, kwa muda aliouweka mwenyewe. Miaka mitatu, tuseme. Aandike anakwenda kuchukua nini: lugha, upishi, mtaji wa kiasi fulani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na anayerudi Pemba akiwa na fani na akiba anarudi vizuri kuliko aliyerudi na sare iliyochakaa. Kabla ya kusaini aone mkataba wa maandishi, na baada ya miezi mitatu aende mwenyewe ZSSF kuangalia kama michango yake imeingia. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 inamlinda, lakini haimtafuti alipo.

Mwenye shamba la familia, au mama anayefunga mwani tayari, au mkono wa ufundi aliozaliwa nao, huyo ndiye ninayemwambia abaki. Ana nusu ya mtaji na hajui. Akaushe, asage, akamue, ashone, atengeneze, na awape wenziwe mwaka mmoja wa kumcheka.

Na anayetamani kuchanganya, achanganye bila haya. Mwalimu mwenye mikarafuu ni mtu wa kawaida kabisa Pemba, na ndiye mara nyingi mwenye nafasi ya kuwa mkweli kazini, kwa sababu akikataa kufanya jambo asiloliamini, nyumbani moto hautozimika.

Kuwaambia wazee

Wazee wetu hawakatai ndoto, wanakataa mshtuko. Kijana anayesema "mie nimeshaamua" amefunga mlango uliokuwa wazi. Nenda wakati wa utulivu, baada ya Isha, ukae chini, uanze na hesabu. "Baba, nimeomba kazi serikalini na bado naomba. Lakini ipo nafasi ya jikoni Matemwe. Mkataba wa mwaka, mshahara ni huu, chumba wanatoa, baa siko. Nataka nikae miaka mitatu, nirudi. Naomba uniruhusu, na naomba uje ukaone." Mzee anaweza kukataa mara ya kwanza. Mara nyingi anakwenda kuuliza watu wake, na baada ya wiki anarudi na maswali. Maswali hayo yajibu moja moja. Kama anayekataa ni mama, mtangulize khalati yako anayesikilizwa, halafu wewe ufuate.

Wakati nao upangwe. Hoteli huajiri zaidi kuelekea Juni, kabla wageni wa kiangazi cha Ulaya hawajaanza kumiminika, na tena kabla ya Disemba; barua ya Aprili hufika mezani pasipo mtu. Mwani uanze nao kipupwe, maji yakiwa baridi, maana ukiufunga kaskazi joto litauunguza ukakata tamaa kabla hujaanza. Na kwa aliyeko hotelini, likizo ya masika inaangukia mle mle ambamo mikarafuu hupandwa. Miche hugawiwa kupitia wizara ya kilimo, mashimo yanachimbwa kabla ya mvua, na ndugu aliyebaki nyumbani anaweza kuyachimba kwa malipo. Miche ishirini kila masika, kwa miaka mitano, ni mikarafuu mia moja, na ile ya mwaka wa kwanza itakuwa imebakiza mwaka mmoja hadi mitatu ianze kuzaa.